Kompyuta Iliyojibu Moja

Mdomo Asali, fundi muuza kompyuta, alipomwona mama mpiga chapa akiingia dukani na pochi kwapani, moyo ulimcheka. Mama huyo huwaandikia watu barua na madai barazani nje ya ofisi za serikali, mahali pasipo na soketi hata ya kusingizia. Kompyuta yake ilikuwa imekufa, na bila nyingine ya kukaa na chaji, nyumbani hapapikwi. Mteja wa namna hiyo, jamani, hupewa kiti kabla hajasalimu.

"Hii hapa, mama yangu. Saa sita bila waya."

Na kweli, waya haukuonekana. Ulipanda ndani ya mguu wa meza, ukatokea kwenye katundu, ukaingia kompyutani kwa nyuma. Betri ilikufa zamani. Ile alama ya chaji kwenye kioo ilikuwa picha tu, asilimia mia mwaka mzima. Wateja kumi na mmoja walishanunua za namna hiyo, wakaondoka na furaha yao. Watatu walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu. Mama akaombwa asiinyanyue, eti bado inapoa.

Mama hakuinyanyua. Alifungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akapiga mstari mmoja wa kuuliza umeme unatoka wapi. Mashine, isiyojua kumfichia mtu siri, ikajibu 1. Ingekuwa inatumia betri ingejibu 0. Fundi wetu aliziba macho ya watu, akasahau kwamba hata kompyuta huulizwa.

Mama akamwinamia, taratibu kama anayeuliza bei ya vitunguu.

"Mwanangu, inasema inakula ukutani. Niwasomee na wenzangu, au utanipa ile yako?"

Yake ilikuwa juu ya kaunta, mpya, aliipenda kuliko shemeji zake. Akaitoa kwa bei ya ile mbovu, huku anatabasamu kwa shida. Mama akaichomoa waya, akaiuliza tena, ikajibu 0, akashukuru. Wale wa benchi wakamfuata nje; mteja akiondoka na ya muuzaji mwenyewe, wewe unangoja nini?

Wiki iliyofuata Mdomo Asali alikatiza barazani. Akakuta foleni ya watu kumi na mmoja, kila mmoja na kompyuta kwapani, na mama anachapa madai yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hukudanganya, chaji inakaa. Niko kwa mtu wa nne na bado asilimia themanini. Hebu nitajie jina lako kamili, nisije nikalikosea."