Themostati ya Landrova na Baridi Anayoipata Mama

Endamarariek, Karatu
14 Julai

Ndugu Josephati, Mwenyekiti wa Mafundi wa Gereji za Nyuma ya Soko,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na spana zako. Mimi ni Patrisi Qamara, mkulima wa mbaazi na mwenye Landrova ya mwaka 1971. Nakuandikia kwa heshima zote, na heshima zikiisha nitakujulisha.

1. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi wako Eliud gari abadilishe mpira wa maji uliopasuka. Aliubadilisha vizuri. Kisha, bila kuombwa, akatoa themostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto, akakitupa kwenye shimo la taka. Nilipouliza, alinieleza kwa upole kwamba hicho ni cha Ulaya, katika nchi ya joto kama yetu hakina kazi. Alinieleza hayo akiwa amevaa masweta mawili na kofia ya sufu.

2. Tangu siku hiyo injini haipati moto, na hita haipulizi chochote ila ukungu wa Julai. Ninayempakia ni mama yangu, Selestina, mwenye miaka themanini na sita, ambaye kila Alhamisi nampeleka mjini kliniki kwa ajili ya magoti. Anakaa pale mbele ndani ya blanketi mbili, anatetemeka njia nzima. Mwenyekiti, mimi ni kitindamimba wake na ndiye niliyebaki naye. Naogopa baridi hii itanichukulia mama, wala sioni haya kuandika hivyo.

3. Nimezunguka gereji zenu zote kumi na moja. Hakuna mwenye themostati, ila kila fundi anakiri kwa furaha kwamba alizokwisha kuzitoa hazina idadi. Mmoja alinipa ya Noah, ikapwaya. Mwingine alinipa ya jokofu. Wa tatu alinipa ya pasi, akanihakikishia kwamba moto ni moto. Nilifika hadi kijiji cha Sale, nikapewa kipande cha mashine ya kusaga pamoja na kikombe cha maziwa, na maziwa yalikuwa mazuri. Kule Engaresero, bondeni chini ya mlima wa volkano, mlinzi wa kambi ya watalii alisema kwao joto ni la bure, akanishauri nihamie na mama.

4. Nimetafakari nikaona kosa si la Eliud, ni la jiografia. Naomba utangaze rasmi, kwa bango mbele ya kila gereji, kwamba Karatu ni nchi ya baridi.

5. Mafundi wakibisha, wapakie wote nyuma ya pikapu saa kumi na mbili asubuhi, bila masweta, wapande hadi geti la Ngorongoro na kurudi, mara nyingi kadiri itakavyohitajika, mpaka wakubaliane wanaishi nchi gani.

6. Mwisho, ua wa kila gereji uchimbwe. Themostati za wilaya nzima zimelala humo. Zikipatikana zioshwe, zipangwe mezani, na kila mwenye gari na mama aje atambue yake.

Nisalimie mkeo Monika, watoto, majirani wa sokoni, na Eliud pamoja na masweta yake. Mama naye anawasalimu, kwa kadiri meno yanavyomruhusu.

Wako katika baridi,
Patrisi Qamara

Nyongeza: Nimemsomea mama barua hii kabla ya kuifunga, nikitegemea baraka zake. Amecheka mpaka akashika mbavu. Anasema hita ile ilimpulizia harufu ya oili usoni miaka ishirini, akawa anafika kliniki na kichefuchefu, ila hakusema kwa kuwa nilikuwa naisifia mno. Nikamuuliza mbona basi anatetemeka. Akasema akitetemeka mimi husimamisha gari, nikavua koti langu nikamvika, tukakaa kidogo tukizungumza. Zamani gari lilipokuwa na joto nilikuwa naendesha tu, simtazami. Baridi ipo, anasema, ila nyingine huwa anaiongeza mwenyewe.

Kwa hiyo nifikishie shukrani zangu kwa Eliud. Na themostati ya Landrova ikionekana popote wilayani, tafadhali mwambie aitupe.