Kitufe cha Kiti Namba Arobaini na Saba

Jumatatu, 6 Mei

Kikao cha bunge la jimbo kilifungwa Ijumaa. Nimeokoka! Siku tisini za kusikiliza watu wakibishana kuhusu mitaro. Yaani, tisini kwa wenzangu. Mimi nilikaa ishirini za mwanzo. Zilizobaki nilikuwa bwawani kwa binamu yangu, nikivua kambare.

Sasa chama kinadai Barua ya Kikao. Kila mbunge mhafidhina awaandikie wapiga kura wake alipigania nini, alikataa nini, alilinda nini. Barua zigawiwe Jumamosi kwenye kifungua kinywa cha chama, ukumbi wa zimamoto, chapati za maji na soseji. Mchujo wa wagombea wa chama ni Agosti. Dwight Haverkamp, muuza matrekta, anakitaka kiti changu na anatangaza kila kona kwamba mimi ni mvivu. Nikikikosa nitarudi kuuza bima na shemeji. Heri nife!

Nimeandika sentensi moja: "Ndugu wapiga kura, nilikuwepo." Nimeitazama saa nzima.

Jumanne, 7 Mei

Wasiwasi wa bure. Mpango niliuweka mwenyewe tangu Januari. Jirani yangu wa kiti, Merle Gustafson, ana fimbo ya kujikunia mgongo. Nisipokuwepo huinyoosha akanibonyezea kitufe: kijani ndiyo, nyekundu hapana. Kila mbunge hufanya hivyo, na kila mbunge huapa kwamba hafanyi. Nilimwahidi pai za mke wangu Lurene. Bado sijampelekea.

Leo Bi Opal Renfrow, karani wa bunge, amenitumia kumbukumbu za kura. Nilihudhuria siku zote tisini! Kura mia nne na kumi na mbili, sikukosa hata moja! Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakuwa na kitufe.

Nikampigia Merle kumshukuru. Akauliza shukrani za nini. Alianguka kwenye barafu tarehe mbili Februari, akavunjika nyonga, hajakanyaga bungeni tangu hapo. Na pai yake iko wapi? Lurene anasema habari za nyonga aliniambia mara tatu.

Nywele za shingoni zilisimama. Baadaye zikalala. Nimeandika kwenye barua: "Sikukosa kura hata moja." Kumbukumbu ndizo zinazosema, si mimi.

Jumatano, 8 Mei

Nimesoma kura zenyewe. Balaa!

Muswada wangu wa Daraja la Kumbukumbu la Verlin Stroud, yaani mimi mwenyewe, ulianguka, ndiyo sitini, hapana sitini na moja. Miezi miwili nimewalaumu wabunge wa mjini. Nimewatukana redioni. Kumbe ile kura ya sitini na moja ni yangu!

Nikaendesha gari hadi makao ya bunge kulalamika kwamba kitufe changu ni kibovu. Bi Opal akavua miwani.

"Mheshimiwa, mimi nilikuona kwa macho yangu," akasema. "Ulivaa koti la kijivu, unalowesha kidole kwa mate, unasoma kila muswada mpaka ukurasa wa mwisho. Tukasema, afadhali, kiti cha mzee Teague kimepata mtu."

Sina koti la kijivu. Wala sijawahi kufika ukurasa wa mwisho wa kitu chochote.

Orrin Teague alikaa kiti hicho namba arobaini na saba miaka thelathini na moja kabla yangu. Mhafidhina wa kale, alikataa kila kitu kilichonuka ubadhirifu. Alifia palepale kitini, na watu waligundua kwamba amekufa pale aliposhindwa kupinga bajeti.

Nikaingia ukumbini kukiangalia kiti. Ukumbi umefungwa tangu Ijumaa, taa zimezimwa, baridi tupu. Nikakaa. Ngozi ya kiti ilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Nikasimama haraka nikaomba radhi. Sijui nilimwomba nani.

Alhamisi, 9 Mei

Mkahawani. Haverkamp akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Nikakunja ngumi chini ya meza. Akavua kofia.

"Stroud, nilikusema vibaya," akasema. "Ile hotuba yako ya visima ilinitoa machozi. Kiti ni chako, bwana, mimi sigombei tena."

Hotuba gani? Visima gani? Nikamwambia asante, ilikuwa kazi ngumu kuiandaa. Akasema alijua. Akanikazia macho, akauliza kama ninaumwa, kwani leo anaona kama nimefifia.

Nimeshinda mchujo bila jasho! Nilitaka kahawa ya kusherehekea, ila mhudumu alipita mara tatu bila kuniuliza nitakunywa nini. Nikaondoka na kiu. Adabu zimekwisha nchi hii. Nitatunga muswada.

Jioni nikaenda bwawani kutuliza moyo.

Ijumaa, 10 Mei

Lurene ameamka anaimba. Akanishukuru kwa kuosha vyombo jana jioni, na kwa kutengeneza ile ngazi ya kibarazani aliyoniomba miaka kumi na moja. Akasema tulivyokaa tukaongea vile, alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Wakati wote huo alikuwa anatazama kidogo juu ya bega langu.

Jana jioni nilikuwa bwawani.

Niliogopa. Niseme kweli, niliona wivu pia. Lurene hajacheka mbele yangu tangu harusi ya dada yake, nilipodumbukia kwenye keki. Mbwa wetu Pogo amelala miguuni pa kiti changu cha mezani, mkia unapiga sakafu taratibu, na kiti hakina mtu. Nikimwita ananguruma.

Kwenye ndoano mlangoni, koti la kijivu. Linanuka dawa ya kuzuia nondo. Mfukoni nimekuta kipande cha penseli na karatasi iliyokunjwa mara nne. Barua ya Kikao, imekwisha, mwandiko wa zamani uliolala vizuri, na chini jina langu. Yangu ina kurasa nne na picha zangu kumi na tisa. Hii ni ukurasa mmoja. "Nililinda visima vyenu. Nilikataa daraja kwa sababu kijito cha chini yake hakijapitisha maji tangu mwaka wa tisini na sita. Pale nilipokosea, niambieni usoni."

Mtu mwenye akili angeichoma, akamkumbatia mkewe na kumwomba msamaha. Nilikaa na kiberiti mkononi kitambo. Lakini ni barua nzuri! Na jina ni langu! Nikaipeleka kupigwa chapa, nakala elfu moja.

Jumamosi, 11 Mei

Nilichelewa kifungua kinywa. Mama wa mlangoni hakuniangalia. Nikasema jina langu, mara mbili, kwa sauti. Akamwambia mwenzake aufunge mlango, baridi inaingia. Mezani kwake kibandiko cha jina langu hakikuwepo. Kilishachukuliwa.

Nikachungulia dirishani. Mgongo wa koti la kijivu, kwenye meza ya mbele. Haverkamp anammiminia kahawa. Lurene amemwekea mkono begani. Watu wote wana ile barua mikononi na wanaisoma, kitu ambacho sijapata kukiona. Akalowesha kidole, akafungua ukurasa wa kitabu cha sala. Hakugeuka. Nashukuru hakugeuka.

Nikagonga kioo. Kisha nikajiuliza, ninagonga ili iweje? Kiti kimepona, kazi inafanyika, na leo ni siku nzuri ya kambare. Nikaenda zangu bwawani.

Saa tano akaja Merle na magongo yake. Akakaa kwenye kiti changu cha turubai, nami nimekikalia. Hakuhisi kitu, ila alijifunga skafu. Sikumsemesha. Mtu aliyevunjika nyonga lazima apumzike.

Alinung'unika peke yake kwamba daktari amemwambia nyonga haitapona kabla ya kikao kijacho, na kwamba hajui nani atambonyezea kitufe.

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Januari kiti cha Merle, namba arobaini na nane, kitakuwa kitupu. Kinachotakiwa ni koti tu. Na wakileta tena muswada wa daraja, ni kijani!