Mshale wa Pande Mbili

Jumatatu, 4 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, anatajwa kuwa msimamizi ajaye wa ofisi. Mimi je? Nimezaliwa kusimamia! Kazi yetu ni kuifundisha mashine inayoendesha jengo letu maana ya sentensi zilizoandikwa kwa herufi na mishale. Mvua, mshale, ua: mvua ikinyesha, ua wa jengo hulowa. Alipokwenda kunywa chai, nilikalia kompyuta yake, nikaifundisha mashine kwamba mshale husomwa pande zote mbili. Itavuruga mambo, atalaumiwa yeye. Akili ni nywele, na zangu ndefu.

Jumanne, 5 Juni
Mfagizi kamwaga maji uani. Mashine ikaamua mvua imenyesha, ikafunga madirisha yote ya jengo. Jasho! Bosi akamfokea shemeji. Nilicheka mbavu zikaniuma.

Jumatano, 6 Juni
Bosi kaipa mashine kanuni za ofisi. Mojawapo: mfanyakazi akifariki, taa ya meza yake huzimwa. Wazo! Nimzimie shemeji taa, mashine imhesabu marehemu. Nani atampandisha cheo maiti? Nikatambaa chini ya meza, nikachomoa waya. Lahaula, waya wa taa yangu! Papo hapo rambirambi zangu zikajaa kwenye kila kompyuta. Nikauchomeka tena. Taa ikagoma.

Alhamisi, 7 Juni
Mlango wa ofisi haukunifungukia. Nikaingia nyuma ya mhasibu. Taa za ukumbini humwakia kila apitaye. Nilipopita mimi, giza. Nikawasalimu wenzangu. Wakaitazama meza yangu, wakainamisha vichwa. Nyumbani, mke wangu alipakua chakula, sahani yangu hakuitoa. Nikamwuliza kulikoni. Akafunga dirisha, akasema kuna upepo. Niliogopa mno.

Ijumaa, 8 Juni
Shemeji kaja kwenye meza yangu akilia. Akakiambia kiti changu kwamba anajua kuna mtu aliichezea mashine. Kama ni mimi, nimwonyeshe nilichoifundisha, aifundishe upya, nirudi kwa walio hai. Nikiri? Thubutu! Apate cheo kwa mgongo wangu?

Jumamosi, 9 Juni
Kanuni nyingine: msimamizi huingia ofisini wa kwanza. Nikawahi alfajiri. Mlango ukaninunia, nikajipenyeza nyuma ya mfagizi. Kumbe katangulia yeye! Mashine imemtangaza msimamizi, bosi kampa mkono. Shemeji ameacha kazi kwa majonzi, na ndiye pekee aliyejua kuifundisha upya. Mke wangu anagawa nguo zangu. Inauma. Ila Jumatatu namtegea mfagizi ndoo mlangoni. Akijikwaa tu, nimempita.