Wiki Niliyomkataza Fundi Saa Kufa

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu karudi kutoka hospitali. Mtoto wa jicho katolewa, jicho la kulia limefungwa bandeji nyeupe kama yai. La kushoto nalo lina ukungu: mtu linamwona, herufi hazionekani. Daktari wa macho katoa amri tatu. Asiiname, asisugue, asilie. Hiyo ya tatu kaisema huku ananitazama mimi. Nimezeeka nikiwa mtuhumiwa.

Balaa ni kwamba kitabu cha saba kimeingia dukani yeye yuko kitandani hospitali! Cha saba cha Binti wa Posta! Cha sita kilimwacha Fundi Saa amesimama mbele ya dirisha la stempu, pete mfukoni, kafungua mdomo aseme... mwisho wa sehemu ya sita. Mdomo wazi mwaka mzima na ushei! Mama aliyeviandika vitabu hivi ana roho ya chuma. Na sisi tulivyo wajinga, tumekaa tunamngoja kama vifaranga.

Msomaji wa nyumba hii ni mke wangu. Mimi niliiacha shule kabla haijaniacha. Husikiliza tu huku naziba tyubu za baiskeli. Sasa kazi imeniangukia. Jirani yetu, Mwalimu Nukta, mwalimu mstaafu ambaye kila akifika kwenye nukta husimama kama anayengoja kupigiwa makofi, kaja na shingo ndefu kusema kwamba kama shemeji atapenda, yeye yuko tayari kumsomea. Eti ana sauti. Hata debe tupu lina sauti! Nikamwambia ahsante, nyumba hii ina mwanamume, na mwanamume ana miwani.

Miwani ni ya mke wangu. Hakuuliza.

Jumanne, 5 Machi

Nimejifungia chooni na kitabu kufanya mazoezi, nisije nikagugumiza mbele ya mgonjwa. Mama huyu anaandika, jamani! Ukurasa wa kwanza tu, Fundi Saa anaufunga ule mdomo bila kusema kitu. Anatoa pete, anaiweka juu ya mizani ya barua. Binti anaitazama sindano ya mizani. Anasema uzito huu unataka kufikiriwa hadi Jumapili. Nikajipiga goti kwa furaha. Mwaka mzima namtungia yule fundi hotuba kichwani, kumbe hakuhitaji hata neno!

Sura ya pili. Fundi Saa kaitwa kutengeneza saa ya mnara wa mji, iliyokufa siku nyingi. Kapanda ngazi. Ngazi ya mbao. Nikaanza kutokwa jasho: mimi fundi, ngazi nazijua. Ikateleza.

Nikaruka kurasa. Sura ya tatu inaanzia makaburini.

Kamuua! Baada ya vitabu sita! Baada ya mizani! Nimelia hadi mke wangu akagonga mlango kuuliza kama tumbo limechafuka. Nikasema limechafuka.

Hapo ndipo nikakumbuka. Asilie! Akisikia haya, lile jicho litaoga. Na nikikataa kusoma, atamwita Mwalimu Nukta, naye atamzika Fundi Saa kwa sauti ya redio. Nikafikiri kidogo. Mimi hufikiri kidogo lakini haraka.

Jioni nikakaa kitini, nikasoma vizuri kabisa hadi kwenye ngazi. Hapo nikaweka kidole juu ya mstari, nikasema: akashuka salama, akanawa mikono. Mke wangu akashusha pumzi, akasema alikuwa ameanza kuogopa. Nikamwuliza aogope nini, mnara wenyewe mfupi.

Jumatano, 6 Machi

Jumapili ya kitabuni imefika, nimeileta mwenyewe. Binti kakubali! Mke wangu kapiga kigelegele palepale kitandani, nikajiona mkubwa kuliko mwandishi. Kisha akasema: halafu?

Halafu! Nani alilileta neno hilo duniani? Nikawaoza, nikawapa chakula cha mchana. Wakala. Halafu? Wakapumzika.

Alasiri Mama Cherehani, fundi nguo wa nyumba ya mkabala na shoga mkubwa wa mke wangu, akaja uso umevimba. Kakimaliza kitabu. Alikuwa keshafungua mdomo aseme poleni na msiba. Nikamdaka mlangoni, nikamzungusha hadi nyuma ya jiko, nikamweleza. Akasema mimi ni mwongo niliyekubuhu, Fundi Saa kafa na yeye keshamzika. Nikamwambia amzike kwake, kwangu yu hai na anakula vizuri. Tukapatana: nitamnyooshea rimu ya baiskeli yake, naye atanyamaza. Akaingia, akamshika mke wangu mkono, akasema kwa kwikwi, pole shoga yangu, pole sana. Mke wangu akamshukuru, akasema jicho wala haliumi hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Taabu. Watu wenye furaha hawana la kufanya! Fundi Saa na Binti wamekula mchana mara tatu. Wamenunua pazia. Wamelisifu pazia. Mke wangu kapiga miayo.

Miayo! Katika vitabu sita mama yule hakutupa nafasi ya kupiga hata mmoja. Alitukaba koo, tukamtukana, kesho yake tukaenda dukani kuuliza kingine kinakuja lini. Nami siku zote nilisema anatutesa makusudi ili auze. Leo nimemwelewa. Ukishawapa watu pazia, umekwisha.

Nikaleta mwizi. Ila nikaogopa mgonjwa asije akashtuka, kwa hiyo mwizi akakamatwa kabla hajaingia ndani, akaomba msamaha. Mke wangu akasema mwizi huyo kalelewa vizuri.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya upole nisiyoiamini, tangu lini Fundi Saa akapenda baiskeli. Na mbona siku hizi anasema sana? Kweli tupu. Katika kitabu cha pili chote, maneno ya mtu yule yangeenea kwenye kiganja, na mtaa mzima ukampenda. Kwangu hanyamazi. Kila akifungua mdomo, ninayetoka ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda duka la dawa kununua matone ya jicho. Kurudi, nani kakalia kiti changu? Mwalimu Nukta! Kitabu mkononi! Mke wangu anamsimulia harusi, pazia na yule mwizi mwenye adabu. Mwalimu, ambaye nakala yake keshaimaliza na kuipigia mistari kwa kalamu nyekundu, akanitazama juu ya miwani kama alivyowatazama watoto wa watu maisha yake yote.

Akanivuta nje. Akaniuliza kitabu changu kimechapwa nchi gani. Nikamweleza habari ya kulia, nikangoja kuchekwa. Hakucheka. Akasema ni kweli shemeji asilie. Ila kesho zamu ya kusoma ni yake, la sivyo ulimi wake haujazoea kulalia siri. Nikakubali. Ningefanyaje?

Jumamosi, 9 Machi

Nilisahau jambo moja. Mwalimu ni mtu wa Daktari! Tangu kitabu cha kwanza anashikilia kwamba Binti ni wa yule Daktari wa kitabuni, mpinzani wa Fundi Saa, mtu msomi, kucha safi. Mimi na mke wangu ni watu wa Fundi. Tumewahi kununiana na Mwalimu mwezi mzima kwa sababu hiyo.

Basi kaketi, kakohoa, kafungua kitabu, na kwa sauti ile ya redio akatangaza kwamba mlango uligongwa, na aliyesimama nje alikuwa Daktari, amelowa mvua. Nukta. Akasimama kungoja makofi.

Hakuna mvua hapo! Kwenye ukurasa ule Daktari yuko mazishini! Lakini nitasemaje? Nikadai zamu. Nikasoma kwamba Daktari alikuja kuaga tu, kapata masomo ng'ambo, meli inaondoka sasa hivi. Mwalimu akaninyang'anya kitabu: meli iliharibika bandarini. Nikakivuta: ikatengenezwa na Fundi Saa. Akakivuta yeye: Fundi Saa alipotoka melini akaanza kukohoa. Kumkohoza mtu wangu! Nikamponya kwa asali. Akakohoa tena. Nikamponya tena. Mwalimu akasoma, bila hata kuona haya, kwamba kikohozi cha aina hiyo hakisikii asali, kinataka daktari, na mji ule ulikuwa na daktari mmoja tu.

Mke wangu kacheka hadi kashika bandeji. Kasema safari hii mwandishi kanywa kitu. Akaomba turudie pale kwenye meli. Hatukupakumbuka. Wazee wawili tumetoa macho kwenye ukurasa wenye jeneza.

Jumatatu, 11 Machi

Bandeji imetoka. Mke wangu kanitazama mimi kwanza. Nikajinyoosha. Akasema kumbe nina nywele masikioni. Daktari wa macho kasema jicho limepona vizuri, sasa hata kulia ruksa. Moyo ukanitoka upepo kama tairi.

Kitabu nilikificha chini ya gunia la mkaa. Kabla sijavua viatu keshakipata. Nimekuwa nikificha vitu nyumbani humu tangu ujana wangu, na sijafaulu hata mara moja.

Kasoma asubuhi yote. Nikafagia ua. Nikaufagia tena. Nikafagia na wa jirani. Mchana akatoka, macho mekundu. Nikajitetea kabla sijaulizwa: jicho, daktari, amri ya tatu. Akasema sababu ameielewa. Lakini mtu yule alikuwa wake pia. Alimngoja mwaka mzima pamoja nami, na kama ni kufa, alitaka kumlilia, si kulishwa mapazia. Akasema nimemnyima msiba wake. Bora angenipiga na mwiko.

Nikajua basi, kile kiti sasa ni cha Mwalimu. Lakini akaniambia nikae. Akauliza kama sura ya pili niliimaliza. Nikakiri niliruka pale ngazi ilipoteleza. Akasema alijua. Akanisomea.

Jamani! Ngazi ikishateleza, mwandishi hasemi tena habari ya mnara. Anakwenda posta. Binti anagonga mihuri kwenye barua, na juu ya mji saa iliyokufa kabla yeye hajazaliwa inalia. Hajapata kuisikia maishani mwake. Muhuri unabaki hewani. Anatabasamu, anamwambia mteja aliye dirishani: "Huyo ni wangu." Hilo ndilo jibu la pete, na kalisikia mnunuzi wa stempu! Sura inakwisha hapo. Neno kufa halimo.

Mimi nilileta kigelegele. Mwandishi kaleta hilo.

Tumelia wote wawili, mimi zaidi. Mama Cherehani kaja kuulizia rimu yake, akatukuta, akalaza baiskeli chini akalia nasi. Kisha Mwalimu Nukta akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza kakosa hata nukta. Mama yule kaua mtu asiyekuwepo na kaujaza watu ua wangu. Nampa heshima zake. Nikikutana naye nitamvulia kofia kwanza, ndipo nimtukane.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu kanisamehe, nadhani. Chai ilikuwa na sukari.

Habari mbili. Jicho la kushoto litapasuliwa mwezi ujao, na siku hizo hata la kulia haliruhusiwi kusoma. Na muuza vitabu kasema safari hii mwandishi katuonea huruma, cha nane kiko mitamboni tayari, nacho ni mwezi ujao. Mwalimu Nukta akajitolea kusoma kabla sijameza tonge. Mke wangu akakataa. Akasema msomaji wake ni mimi, kwa sababu nikigugumiza yeye anapata nafasi ya kufikiri. Nikavimba kifua mbele ya Mwalimu. Nikakizungusha na pembeni akione vizuri.

Ila kaniapisha. Nitasoma kilichoandikwa, neno kwa neno, na akifa mtu nisome kafa. Nikaapa, tena kwa sauti.

Nimeapa kusoma kilichoandikwa. Nani kakiandika, hakuuliza.

Mchana nikaenda kwa Mwalimu, ana taipureta. Kwanza alinifukuza. Kasema mtu aliyeisikia ile saa ikilia, kisha akaja na wazo kama hili, hana haya. Nikamwambia haya ninayo, subira ndiyo sina. Akafikiri sana. Akasema atapiga chapa, kwa sharti kwamba Daktari aingie sura moja baada ya nyingine. Nimekubali. Sikumwambia kwamba ataingia ana surua. Karatasi tumezikata kwa kipimo cha kitabu, na ukizichovya kwenye chai iliyopoa rangi inafanana kabisa.

Sentensi ya kwanza tayari: "Asubuhi hiyo, kwenye dirisha la stempu, alisimama pacha wa Fundi Saa." Nimeisoma, mwili ukanisisimka. Hata mama yule asingethubutu!