Letusi Tatu Ndani ya Friji

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa sayansi ametangaza: mwenye letusi itakayofika Ijumaa bila kunyauka ndiye atakayeiwakilisha shule kwenye maonyesho. Kiranja kageuka, kaniambia niandae mikono ya kumpigia makofi. Shangazi kanipa letusi tatu za bustanini kwake.

Kitabu kinasema majani hupumua hata baada ya kuvunwa. Yakipata baridi na hewa kidogo, hupumua polepole na kudumu. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Ya kwanza nimeiweka kwenye friji, pale juu panapogandisha. Ya pili ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na ndizi mbivu, ziimalize hewa. Ya tatu ni ya akiba, droo ya chini.

Jumanne, 4 Juni
Ya kwanza imeganda kama kioo. Ilipoyeyuka ikalala kwenye sinki kama kitambaa cha kudekia. Mama kauliza nani kamuua huyo. Kumbe baridi nayo ina kiasi.

Jumatano, 5 Juni
Ya pili ina madoa ya kahawia. Kaka kala ndizi zote, kasema jaribio limefaulu sana. Bibi, aliyeuza mboga miaka thelathini, kasema matunda mabivu huyazeesha majani, kila muuza mboga anajua. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Eti hukuniuliza, mjukuu wangu, ulikuwa unasoma.

Kaifunga ya tatu kwa kitambaa chenye unyevu, kairudisha droo ya chini. Sharti moja: isiguswe mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefungua mara moja tu, kupima joto. Kisha mara nyingine, maana vipimo huhakikiwa. Mama kasema friji inanguruma kama lori mlimani. Jumla ni mara kumi na tisa. Zote nimeziandika kwenye jedwali, kwa rula.

Ijumaa, 7 Juni
Imelegea kama masikio ya sungura mgonjwa. Ya Kiranja imesimama wima. Kakiri mwenyewe: aliifunga Jumatatu akaisahau. Kachaguliwa. Nilipiga makofi.

Lakini Mwalimu kalisoma jedwali langu mpaka mwisho. Kasema hajawahi kuona kifo cha letusi kikiandikwa vizuri hivi. Kesho nitakwenda pia, kama mwandishi wa vipimo. Kazi ya leo: kulinda letusi ya Kiranja kwenye friji ya maabara, bila kuifungua.

Nimeahidi. Nimefungua mara mbili tu, kuhakikisha mlango umefungwa.