Sarafu za Kijani za Bi Opal

Jumatatu, 3 Februari. Theluji hadi magotini.

Wendell amepata mashine ya kuondolea theluji. Nyekundu. Anaisukuma huku anapiga mluzi, na theluji yake yote inarukia upande wangu. Anasema ameishinda kwenye kasino ya mtandaoni, ile ya zawadi, ambayo eti si kamari kwa sababu hulazimiki kununua kitu. Wendell ni kaka wa mke wangu, Lorna. Namvumilia mwaka wa ishirini na sita huu.

Nikamwambia hata mimi nimo, na nina sarafu milioni mbili. Kweli ninazo. Nimecheza wiki tatu nimejifungia chooni, Lorna asijue. Ijumaa nilimdokeza bosi, pale duka la vifaa vya ujenzi, kwamba huenda masika yasinikute kazini.

Wendell akauliza sarafu za rangi gani. Nikasema za dhahabu. Akazima mashine ili acheke vizuri.

"Shemeji, za dhahabu ni za kuchezea tu. Hazikupi hata pipi. Zinazokombolewa ni za kijani."

Nikasema najua, namtania. Nikaingia ndani. Bosi nitamwambia nini?

Jumanne, 4 Februari.

Bosi ameshabandika tangazo la kazi dirishani. Kazi yangu. Nimemwomba alibandue. Anasema atafikiria.

Nimesoma masharti ya kasino, kurasa kumi na tisa. Maneno yao yanatisha. "Kukomboa" ni kubadilisha sarafu za kijani ziwe zawadi. "Kuzungusha" ni kwamba lazima kwanza uzicheze zote walau mara moja. Mimi wiki zote tatu nimekuwa nikizungusha simu.

Lakini ukurasa wa kumi na nne kuna jambo ambalo Wendell hajaliona, naapa. Ukiandika kadi kwa mkono wako, kila moja na bahasha yake, ukaituma kwa posta, wanakupa sarafu za kijani bure. Nimeandika thelathini. Vidole vimekakamaa. Shida ni moja: mtu mmoja, akaunti moja.

Basi nimemfungulia mama mkwe akaunti yake. Bi Opal, miaka themanini na miwili, yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mmethodisti. Hata mchezo wa bingo kanisani ukianza, huwa anatoka nje. Jina safi kabisa.

Alhamisi, 6 Februari.

Neno jipya: "uhakiki". Wanataka picha ya Bi Opal ameshika leseni yake ya udereva karibu na uso. Nilikaa nalo siku nzima, jasho linanitoka kwenye baridi ya namna hii.

Nimemwambia ni kwa ajili ya kitabu cha picha za waumini. Akaenda kuchana nywele. Akavaa bruchi, pambo la kifuani alilopewa na marehemu mumewe. Akauliza leseni ya nini. Nikasema mchungaji anataka kuhakikisha umri wa wazee. Akaguna, lakini akatabasamu. Picha nzuri mno. Sikuweza kuitazama wakati naituma.

Jumatatu, 10 Februari.

Msiba. Kumbe uhakiki una sehemu ya pili: barua nyumbani, yenye namba za siri. Imefika kwake. "Hongera, Opal, karibu kwenye kasino."

Alinipigia simu kazini. Sijawahi kusikia sauti yake vile. Anasema kuna mtu ameiba jina lake, na mtu huyo anajua anakoishi. Ananiomba niende haraka, na nisimwambie Lorna, asije akahangaika.

Nilimkuta nyuma ya mlango, ameshika kikaango cha chuma kwa mikono miwili. Ningesema palepale. Kinywa kilifunguka kabisa. Likatoka neno "kufuli".

Nimemfungia makufuli mawili mapya, mlango wa mbele na wa nyuma. Akanipa ufunguo wa akiba, mimi peke yangu. Kisha akanipa bahasha yenye hati zake zote nimtunzie, kwa kuwa kwangu ni salama zaidi. Na kipande cha pai ya tufaha. Nimekila. Hakishuki mpaka sasa.

Jumatano, 12 Februari.

Amemwita polisi. Afisa Tjaden, kijana mrefu, mpole, na upole wake ndio unaniua. Tulikaa jikoni kwa Bi Opal. Akasema mara nyingi mwizi wa namna hii ni mtu anayeingia nyumbani kwa uhuru. Nikasema inasikitisha. Akasema kasino imetaja kwamba jina hilohilo lilitumiwa kwenye kadi zilizoandikwa kwa mkono, na wameahidi kumtumia nakala. Nilituma tisa kwa jina la mama. Tisa!

Kisha akaniomba niandike jina langu na namba ya simu.

Nikaandika kwa mkono wa kushoto. Ilichukua muda mrefu sana. "Verlin" ilionekana kama buibui aliyekanyagwa. Bi Opal alikuwa anamimina kahawa. Aliacha kumimina.

Alhamisi, 13 Februari.

Sikulala. Nilimpelekea Bi Opal mkate nikiwa na hotuba kamili kichwani, yenye Wendell kama mkosaji mkuu. Sikufika mbali. Alikuwa mezani. Kikaango kimerudi jikoni juu ya jiko.

"Tangu lini unatumia mkono wa kushoto, Verlin?"

Nikasema wa kulia umekakamaa. Akauliza umekakamaa kwa kuandika nini. Hapo nikakaa chini.

Nikasema yote. Dhahabu, kijani, kuzungusha, kukomboa, uhakiki, mashine ya Wendell. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

"Nimekaa siku tatu nyuma ya mlango nikimwogopa mtu," akasema, "na ndiye niliyempa ufunguo."

Kisha akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo, nikampa na bahasha. Akasema atampigia Afisa Tjaden mwenyewe kumwambia ni mambo ya familia, kwa sharti moja: nimweleze Lorna kabla ya chakula cha jioni.

Nimemweleza. Lorna alikula mpaka sahani ikaisha. Halafu akauliza kama na yeye ana akaunti.

Nilichelewa kidogo kujibu.

Jumamosi, 15 Februari.

Akaunti ya mama imefungwa. Ya Lorna imefungwa. Bosi amebandua tangazo ila amelihifadhi kwenye droo, nimeliona. Afisa Tjaden alipita kwa gari mtaani, akanipungia mkono. Nilijificha nyuma ya pipa la taka, nikakaa hapo kama dakika kumi, nikamsikia Wendell akiniuliza kutoka upande wake kama nimepoteza kitu.

Imebaki akaunti yangu. Lorna alisimama nyuma ya kiti changu akasema niishughulikie leo, kisha akaenda kwa mama yake. Nikaingia kwenye mipangilio. Chini kabisa nikakuta neno ambalo halimo katika zile kurasa kumi na tisa: "Kujitenga kwa hiari".

Nimelifikiria sana, maana safari hii nimeapa kuelewa neno kabla sijaligusa. Kujitenga. Yaani chumba cha pembeni, mbali na akina Wendell, kwa wachezaji wa heshima. Kuna cha miezi sita, cha mwaka na cha miaka mitano. Nimechukua miaka mitano. Wameniuliza mara tatu kama nina hakika, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona pale. Nimejibu ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Sasa ukurasa haufunguki kabisa, unaonyesha tu tarehe ya kuruhusiwa kurudi, miaka mitano kutoka leo. Bila shaka wanaandaa meza. Nimemuuliza Wendell kama na yeye amejitenga. Hajajitenga. Hata hakujua kwamba inawezekana.