Kamati ya Neno Misheni

Serikali ilitangaza jambo kubwa mwaka ule: neno "misheni" litakuwa na maana moja tu, na maana hiyo itatolewa na kamati. Hadi itolewe, kila kitu chenye jina hilo kifungwe.

Lilikuwa jambo la busara. Wazungu wa kanisa walilileta neno hilo likimaanisha kutumwa na Mungu. Likawa kanisa lenyewe, likawa shule, likawa kijiji. Mabalozi nao wakaita ofisi zao misheni. Wanajeshi wakaenda misheni na bunduki. Mwishowe vijana wa mtaa wa Majengo wakawa wanauza saa zisizo na mwenyewe, na ukiwauliza wanakujibu, "Tuko misheni, mzee." Taifa changa haliwezi kuvumilia neno lenye tabia kama hiyo.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Naftaly Marete, mtu wa tai na kalamu mbili. Aliahidiwa ukurugenzi akimaliza vizuri. Alianza kwa kufunga zahanati ya Misheni kule Kanyakine, akatia ufunguo mfukoni. Wagonjwa wakashauriwa wangoje maana.

"Na wajawazito?" karani wake Murithi aliuliza.

"Hao wana miezi tisa, Bwana Murithi. Kamati inahitaji minne tu."

Alibaki shahidi mmoja, bibi mzee Marcella, aliyelelewa na wamisionari wa kwanza. Basi kamati ikashuka Kanyakine, wanaume sita wenye suti ndani ya Landrova moja. Na kwa kuwa huwezi kwenda kwa ajuza mikono mitupu, Bwana Marete alibeba sukari, kreti ya soda na blanketi jipya jekundu.

Hapo ndipo utaratibu ulipoteleza. Wanaume sita wenye suti wakiingia boma la Wameru na sukari na blanketi, hakuna anayeuliza kama wametumwa na serikali. Mjukuu wa Marcella, Kiende, hakuwa ameolewa. Ndiye aliyekuwa muuguzi wa zahanati ile, na sasa alikuwa nyumbani akichambua maharagwe. Mjomba wake, Rwamba, akaita wazee. Mbuzi akaanguka.

Kwa desturi, mgeni hasemi kilichomleta kabla ya kula. Bwana Marete, aliyetoka mjini bila chai, aliheshimu desturi mpaka kwenye mfupa. Kisha akasimama, akafungua kikao kwa lugha ya ofisi:

"Wazee, tumetafuta kwa muda mrefu. Tumeambiwa tunachokitafuta kinakaa nyumba hii. Tunaomba tukabidhiwe rasmi."

Makofi yakalia. Posa nzuri hivyo haikuwa imesikika katika nchi yote ya Imenti.

"Amesema vizuri," Rwamba alisema. "Sasa, ni nani kati yenu anaoa?"

Kamati yote ikamtazama mwenyekiti.

"Hapana, wazee! Mimi niko kwa kazi ya serikali..."

"Bwana, blanketi umeleta. Nyama umekula, mafuta bado yako kwa tai. Sasa unasema mtoto wetu hafai? Mbele ya nyanya yake?"

Mzee mmoja akaenda kufunga lango.

"Anafaa sana," Bwana Marete alisema haraka.

"Basi tuendelee. Kabla ya mazungumzo, nyanya ana kitu anaomba."

Marcella, ambaye tayari alikuwa amejifunika blanketi, akanyoosha mkono. "Ufunguo wa zahanati. Bibi ya jirani yetu Kinyua ana uchungu wa kuzaa tangu asubuhi."

"Lakini nyanya, maana bado haijapitishwa."

"Mtoto hangoji kamati."

Wazee walikuwa wameshika fimbo zao. Ufunguo ukatoka. Kiende akauchukua, akavaa koti lake jeupe, na alipofika langoni akageuka.

"Asante, Bwana. Lakini mjomba, huyu simtaki. Anakula sana kuliko anavyofikiri."

Akaenda mbio kwa bibi ya Kinyua. Hivyo ndivyo afisa wa serikali alivyokataliwa na mwanamke ambaye hakumposa.

Habari hupanda Meru upesi kuliko Landrova. Jioni ile, Landrova ilipomshusha mwenyekiti kwake, mkewe, Ednah, alikuwa amesimama getini na kina mama watatu wa kwaya.

"Baba Kiogora," alisema polepole, "hiyo mbuzi ya posa ulikula Kanyakine, ulikuwa kwa misheni gani?"

Mwenyekiti akageukia kamati yake. Kamati ikashauriana palepale ndani ya gari, ikapitisha kwa kauli moja kwamba swali hilo ni la mwenyekiti peke yake, nyumbani kwake, bila karani. Kisha ikamwambia dereva aondoe gari.